Mkaguzi Aliyefunga Uzi Mwekundu

Kwa miaka ishirini na miwili Perline Razanadrasoa alilipwa kutafuta ubaya, na kila siku aliupata.

Alikaa kwenye meza ndefu chini ya dirisha la kaskazini, katika kiwanda cha magauni ya watoto pale mjini Antsirabe, na kila gauni lililoshonwa na wanawake mia tatu wa kiwanda kile lilipita mikononi mwake kabla ya kuingia kwenye boksi na kupelekwa ng'ambo. Wanawake hukunja marinda kifuani mwa gauni, kisha juu ya marinda hutarizi mistari saba ya maua, kila mshono mfupi kuliko punje ya mchele. Perline alilivuta gauni, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mistari. Akiona kasoro hakusema neno. Alikata uzi mwekundu wa urefu wa kidole, akaufunga pale pale penye kosa, akalitupa gauni kwenye kapu la kushoto. Gauni zuri alilitupa kapu la kulia, nalo hakulisemea neno. Sheria ilikuwa moja na hata mlinzi aliijua: kilichofungwa uzi mwekundu hakitoki getini. Kinarudi kwa mwenyewe, akifumue, akishone upya.

Wanawake walimwita Bibi Uzi, na si kwa mapenzi.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hata waliomchukia walilisimulia kwa kunong'ona, wakishika vifua. Perline alimjua kila mwanamke kwa mshono wake, bila kutazama namba iliyobandikwa. Na si kumjua jina tu. Siku moja alilaza gauni mezani, akamwambia msimamizi, "Huyu wa benchi la nne mwambieni asibebe maboksi, ana mimba." Mwanamke wa benchi la nne akacheka sana, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hana habari hiyo. Baada ya wiki tatu hakucheka tena. Mara nyingine Perline alisema tu, kama anayesoma gazeti, "Ralalao kagombana na mumewe, ona anavyokaza," na Ralalao, kule benchi la sita, angekuwa kweli ameondoka nyumbani akibamiza mlango. Ukilifikiria vizuri linatisha. Kwamba maisha ya mtu mzima, na hofu zake na furaha zake, yanaweza kulala ndani ya mshono mfupi kuliko punje ya mchele, na kwamba alikuwapo mtu wa kuyasoma!

Basi ikaja zamu ya wanunuzi wa ng'ambo kutaka kila kiwanda kikubwa kiwe na mshauri wa wafanyakazi, mtu wa kuwasikiliza watu shida zao. Meneja alikuwa Bwana Hajatiana, mtu mwembamba mwenye kikohozi cha baridi mwaka mzima. Akamwita Perline ofisini.

"Wewe unawajua wote, Ramatoa Perline," alisema, kwa jina la heshima wanaloitwa kina mama.

"Ninayajua makosa yao, bwana."

"Sasa si ndipo pa kuanzia?"

Habari ilipofika kwenye mabenchi, Ralalao, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema tangu abatizwe, alisimama na sindano yake mkononi. "Jamani, tumekwisha! Ukienda kumlilia huyo shida zako, atakufunga uzi puani akurudishe kwa mama yako, akufumue akuzae upya!"

Kiwanda kizima kilicheka. Hata Perline alicheka, ila alicheka akiwa ameinamia meza.

Wakampeleka Antananarivo, mji mkuu, kusoma kwa wiki tisa. Alinunua daftari lenye kurasa mia mbili, akitegemea kuandika orodha ya magonjwa ya moyo, kwa sababu alidhani kwamba huo ungekuwa ukaguzi tu wa namna nyingine. Mwalimu wao, Daktari Lantosoa, mama mfupi aliyevaa sweta mbili moja juu ya nyingine, hakuwapa orodha yoyote. Siku ya kwanza alimnyooshea Perline kidole, akauliza, "Wewe mama, ni kitu gani ukikishika kazini unasahau saa?"

Perline alifungua kinywa aseme "kutafuta kasoro", kisha kinywa kikasema kitu kingine. "Gauni la kwanza la asubuhi," alisema. "Kuna gauni moja ninalitafuta kila asubuhi kwenye rundo, nalitazama kabla ya mengine. Nalitazama tu. Ndipo jicho langu linakaa sawa."

Na hapo, mbele ya wageni kumi na wanne, akaanza kulia, wala hakujua analilia nini.

Elimu ile waliiita saikolojia chanya, na Perline aliogopa mwanzoni kwamba ni ya kuwaambia watu wachekecheke. Daktari Lantosoa alimtoa hofu hiyo. "Mwenye msiba mwacheni alie," alisema, "na mwenye njaa mpeni chakula kabla ya maneno. Lakini mkishamfuta mtu machozi, msimwache hapo. Muulizeni ni nani aliyempikia siku ile mbaya, na yeye amewahi kumpikia nani. Mnatafuta jeraha kwa bidii. Basi kile kilicho kizima ndani ya mtu kitafuteni kwa bidii ile ile. Mtu hastawi kwa kuondolewa makosa tu." Jioni ile Perline alitembea hadi chumba alichopanga bila kuziona ngazi za mji. Miaka ishirini na miwili alikuwa amelipima kila gauni kwa kile kilichokosekana. Alijiona kama mtu aliyekaa na kitambaa magotini maisha yake yote, leo ndio anaambiwa kigeuze upande wa pili.

Alirudi Antsirabe mwezi wa sita, baridi ikiuma masikio. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya vifungo, viti viwili na chupa ya chai ya ukoko wa wali. Kidonge cha uzi mwekundu kilikuwa bado mfukoni mwa aproni yake. Mkono ulikuwa haujazoea mfuko mtupu. Mtu wa kwanza kumwita alikuwa Ralalao, kwa hesabu kwamba akimshinda huyo wengine watakuwa mteremko.

"Ralalao, ni kitu gani unakifanya vizuri sana?"

Ralalao aligeuka akatazama mlangoni, kama vile ameulizwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. "Mimi?"

"Wewe."

"Mimi mtu duni tu, Neny, mama yangu. Si mkubwa hata nitangulie kusema, si mwenye akili hata nisikilizwe, nimekaa hapa kwa kuwa nimeitwa, na kama nimemkalia mtu kiti chake basi..."

"Ralalao, hapa hatujaja kuposa."

"Sasa nisemeje? Nijisifu kama jogoo? Halafu nikitoka hapo nje nikavunjika mguu, utamwambia nini mume wangu? Kwamba uliniuliza swali la Antananarivo?"

Na Ralalao alikuwa na haki yake. Kwetu kinywa hakikuumbwa kumsifu mwenyewe. Lawama, ile tunayoiita tsiny, inamvizia kila anayesimama kusema, hata kama anasema tu kwamba wali umeiva, na ndiyo maana hakuna hotuba ya posa wala ya maziko inayoanza kabla msemaji hajaiondoa lawama: hajajishusha, hajawataja wakubwa aliowatangulia, hajaomba radhi kwa miguu yake, ulimi wake na kofia yake. Wako wanaume wanaoondoa lawama kwa saa nzima na kusema jambo lenyewe kwa dakika tano. Sasa wewe mtu wa namna hiyo unamfungia stoo ya vifungo na kumwambia ajitaje uzuri wake. Perline mwenyewe ni mtoto wa pale pale, na lile alilisahau kwa sababu ya wiki tisa tu za shule!

Akajaribu njia nyingine. Akaweka sanduku mlangoni mwa bwalo, kila mtu aandike mambo matatu mema ya siku yake. Jioni alikuta karatasi sitini. Hamsini na nane ziliandikwa hivi: *Afya. Uzima. Meneja.* Tena zote zilikuwa za mwandiko mmoja, na Perline alipoinamisha kichwa kidogo akautambua ni mwandiko wa Ralalao.

Siku ya Alhamisi, Voahirana aliingia bila kuitwa.

Voahirana alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, wa benchi la tisa, kiti cha mwisho ukutani. Alikuwa kiwandani kwa miaka tisa, na wengi waliomjua kwa sura hawakuwahi kuisikia sauti yake. Aliweka barua mezani, kwa sababu utaratibu mpya ulisema anayeacha kazi apite kwanza kwa mshauri, na mshauri atie sahihi. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne:

*Mimi Voahirana wa benchi la tisa*
*naomba kuacha kazi Jumamosi hii*
*kwa kuwa mikono yangu haifai tena.*
*Nawashukuru wote.*

Perline aliisoma mara mbili. Kwa sababu gauni lile la kwanza la asubuhi, lile alilolitaja mbele ya wageni kumi na wanne akalia, lilikuwa la Voahirana. Kila asubuhi kwa miaka sita.

"Haifai kwa nani?" aliuliza.

"Mkaguzi mpya ananirudishia, Neny. Tangu uende shule. Naona niende Betafo kwa kaka yangu, nikang'oe karoti. Karoti haina marinda."

"Nipe mpaka Jumamosi nitie sahihi."

"Sawa," Voahirana alisema, akainuka, na mlangoni akaomba radhi kwa kuufungua.

Perline hakunywa hata chai. Alikwenda kwenye meza yake ya zamani, akamwomba mkaguzi mpya magauni ya Voahirana yaliyokuwa kapu la kushoto. Yalikuwa manne. Akayalaza moja juu ya jingine chini ya dirisha.

"Kila mara ni hapo hapo," mkaguzi mpya alisema. "Mstari wa tatu, ua la saba, mshono mmoja umerukwa. Nilidhani ni macho yake."

Perline alipitisha kidole gumba. La kwanza, mstari wa tatu, ua la saba. La pili, pale pale. La tatu. La nne. Alisimama na kidole kikiwa juu ya kitambaa, na msimamizi aliyekuwa akipita anasema alidhani mama wa watu amepigwa na kiharusi. Kosa la kweli halina makazi. Mkono uliochoka hukosea hapa leo na kule kesho, jicho baya huharibu mstari mzima, mwenye huzuni hulegeza, mwenye hasira hukaza. Kosa hili lilikuwa na anwani. Mishono ya kabla yake na ya baada yake ilikuwa kamili kabisa, imepimwa, imetulia. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuona kosa lililoshonwa vizuri namna ile.

"Huyu hajakosea," Perline alisema. "Huyu anaita."

Siku ya Ijumaa, watu walipokwenda bwaloni kula wali na kisamvu cha nyama ya nguruwe, alimfuata Voahirana kwenye benchi la tisa, akakaa kando yake kwenye benchi tupu.

"Mstari wa tatu, ua la saba," alisema. "Kwa nini?"

Voahirana alifungua kibweta chake cha sindano, cha bati, kilichokuwa na peremende zamani, akamwonyesha. Ndani, chini ya sindano, kulikuwa na nyuzi nyekundu zilizonyooshwa na kulazwa pamoja kwa uangalifu. Zilikuwa kumi na moja.

"Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa narudishiwa," alisema. "Ulinifunga uzi mpaka nikaota. Nikajitahidi, nikajitahidi, mpaka siku moja nyuzi hazikuja. Nikafurahi sana siku ile, Neny. Nikangoja kesho, labda utanena kitu. Mwaka ukapita, miaka sita ikapita. Gauni zangu zinakwenda, sijui kama kuna mtu anazishika au zinaanguka zenyewe kwenye boksi. Ulipokwenda shule nikasema, hebu niruke mshono mmoja nione. Likarudi lina uzi, wa kwanza wa hizi kumi na moja. Nilipoufungua ule uzi niliulaza kiganjani. Nikasema, kumbe yuko mtu." Alifunga kibweta. "Sasa mtu mzima anayeharibu kazi yake kusudi ili apate kipande cha uzi, huyo si wa kukaa tena kazini. Na juzi niliruka bila kukusudia. Mkono umeshazoea. Ndiyo maana nikaandika."

Perline alimgeukia. "Voahirana, kila asubuhi nilikuwa nalitafuta gauni lako kwanza. Kabla ya mengine yote. Nalitazama ili jicho langu likae sawa. Mkono kama wako sijawahi kuuona, na nimeona mikono."

Voahirana alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza Perline zaidi. "Ahsante, Neny. Lakini hiyo si ndiyo kazi uliyosomea? Kutuambia mazuri? Ralalao naye ulimuuliza." Akaanza kukusanya vifaa vyake. "Hata hivyo nani amesikia? Ni mimi na wewe na ukuta."

Neno lile Perline alikwenda nalo nyumbani, akalipeleka sokoni, akarudi nalo. Nani amesikia? Kwetu hakuna msichana anayesifiwa sirini. Siku ya posa anasifiwa kwa kusimamiwa, mbele ya ukoo wake na ukoo wa wageni, na upande wa pili umekaa hapo unakodoa macho, tayari kupinga neno likizidi. Sifa inakuwa sifa kwa kuwa ingeweza kupingwa na haikupingwa. Daktari Lantosoa alimpa swali zuri, ila yeye Perline alilipeleka kwa mtu asiyehusika. Hutakiwi kumuuliza Voahirana uzuri wake. Unatakiwa usimame mwenyewe useme, na lawama ikufuate wewe.

Jumamosi kazi huisha saa sita mchana. Perline alimwomba Bwana Hajatiana robo saa kabla ya kengele, naye akakohoa, akakubali, akidhani ni tangazo la choo. Wanawake mia tatu wakaacha sindano. Perline akapanda juu ya kreti mbele ya meza ya ukaguzi, na ilipobainika kwamba anataka kutoa hotuba, vicheko vikaanza, kwa sababu kazi ile ni ya wanaume wenye kofia za majani na sauti za kukodishwa.

"Kofia iko wapi?" Ralalao alipiga kelele.

"Nimeiacha na mume wako," Perline alijibu, na kiwanda kikalipuka.

Kisha akanyoosha mikono ubavuni, akaanza kama inavyotakiwa kuanza. "Mimi niliyesimama hapa si mkubwa kwa umri wala kwa akili. Wapo walionizidi nami nimewatangulia, nimepanda juu ya kichwa cha kila aliyekaa chini. Kwa hiyo kabla sijasema, naiondoa lawama."

"Huna lawama! Endelea!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama wanavyoitikia mahali pote, kwenye posa, kwenye maziko, huku mtu anafikiria wali.

Perline hakuendelea. Maneno yale alikuwa ameyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na hakuwahi kuyasikia kweli mpaka dakika ile. Alitazama nyuso mia tatu zilizokwisha kumsamehe kwa mazoea.

"Ninayo," alisema.

Hakuna msemaji anayesema hivyo. Hata mashine ya mvuke ya kupiga pasi ilionekana kama imeshusha pumzi.

"Lawama hii siiondoi, ni yangu," Perline alisema. "Miaka ishirini na miwili nimeshika kazi ya mikono yenu. Palipo na kosa niliweka alama. Palipo na uzuri sikuweka kitu. Nilidhani kunyamaza ni kusifu. Mlikaa hapa mkingoja, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiona. Niliona! Haikupita gauni ambalo sikuliona." Akaokota gauni lililokuwa mezani, jeupe, la mtoto wa miaka miwili, akaliinua juu. "Hili ni la Voahirana wa benchi la tisa. Kwa miaka sita, kila asubuhi, nimelianza hili ndipo nikawapima ninyi wengine. Kipimo chenu nyote kilikuwa ni mkono wa mtu huyu, na yeye hakuambiwa. Anayesema mkono huu haukustahili asimame anipinge, ni haki yake."

Wanawake wakageuka, mmoja mmoja, wakatazama kiti cha mwisho ukutani. Aliyesimama alikuwa Ralalao, na Perline akafumba macho, akingoja mzaha.

"Mimi nakaa mbele ya Voahirana mabenchi matatu," Ralalao alisema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, ilikuwa ndogo. "Uzi ukinisokota, huwa najidai nakwenda kunywa maji, nipite kwake nitazame anavyofanya. Miaka minne sasa. Nilikuwa naona aibu kusema."

"Mimi pia," akasema mwanamke wa benchi la nane. Na mwingine wa benchi la pili, ambaye maji yako upande wa kwake wala hana sababu ya kupita ukutani. Wakaanza kusimama. Perline alikuwa amesoma kwenye daftari lake kwamba kitu kizima ndani ya mtu kikionwa kinakua, na alikuwa ameandika hivyo kama mtu anayeandika anwani ya mji asioujua. Sasa alikuwa anauona mji wenyewe.

Voahirana alisimama mwisho. Kwa desturi upande wa pili lazima ujibu, na hakuna aliyejua kama huyu ana sauti ya kufika mbele.

"Mimi si mkubwa," alianza, kwa sauti nyembamba, "na niliowatangulia wanisamehe."

"Huna lawama!" wakajibu, na safari hii hakuna aliyekuwa akifikiria wali.

"Ninayo na mimi kidogo," alisema. "Barua yangu iko wapi, Neny?"

Perline aliitoa mfukoni mwa aproni. Ilikuwa haijatiwa sahihi. Ikapita mkono kwa mkono, benchi hadi benchi, mpaka ukutani. Voahirana aliikunjua juu ya goti lake. Akafungua kibweta cha bati, akachomoa uzi mmoja mwekundu, akautunga kwenye sindano, akainama. Wanawake mia tatu wanaojua kushona walimtazama mwenzao akishona karatasi, na hakuna aliyekohoa, hata Bwana Hajatiana. Alitoboa mara mbili, akapiga fundo dogo, akakata uzi kwa meno. Kisha barua ikarudi, mkono kwa mkono, hadi kwenye meza ya ukaguzi.

Perline aliigeuza, akapitisha kidole gumba kama alivyofanya maisha yake yote. Uzi ulikuwa umefungwa kwenye mstari wa tatu, pale palipoandikwa *haifai*.

"Kilichofungwa uzi hakitoki getini," Voahirana alisema kule nyuma. "Si ndivyo?"

"Ndivyo," Perline alisema.

"Basi nirudishieni nikishone upya."